Nimeitafuta Nyumba Yangu, Nimeikuta Uhabeshi

Jamani, nisogezeeni hilo benchi nikae. Kahawa usitie tangawizi nyingi, mzee, tumbo langu limevurugika tangu juzi. Sababu nitaisema, msiniharakishe.

Mnanijua. Mtaani kwetu mimi ndiye ramani. Miaka ishirini na sita niko pale pale, pembeni ya kijito kinachoubebea mto Msimbazi taka zetu. Mgeni akipotea analetwa kwangu. "Unakwenda kwa fundi cherehani? Nyoosha na hii njia ya vumbi mpaka pale palipokuwa na mwembe. Kata kushoto kwenye duka lililoungua. Ukifika kwa marehemu mzee wa magunia, uliza." Mwembe ulishakatwa. Duka limekuwa ghorofa. Mzee wa magunia tulimzika wenyewe. Lakini mgeni anafika! Sasa mtu kama mimi anafundishwa ramani na nani?

Basi mjumbe akapita kijiweni. Kuna mradi, anatafuta watu wa kufundishwa kuchora ramani ya mafuriko ya mtaa. Sifa ni mbili, simu janja na miguu. Simu ninayo, kioo kimepasuka ila ukiinamisha kichwa unasoma. Miguu ninayo, mmoja unauma ila upo. Halafu akataja posho. Akataja chai. Chai na chapati mbili. Hajamaliza kusema, mimi nimeshasimama.

Siku ya kwanza nikavaa koti. Darasa ni la shule ya msingi, wanafunzi wako likizo, madawati ya darasa la tatu. Nikajikunja, magoti yakagonga kidevu. Kushoto vijana. Kulia vijana. Mbele mwalimu, binti wa chuo, rika la kitinda mimba wangu. "Shikamoo mzee." Nikaitikia marahaba kwa sauti nzito, sauti ya koti. Hapo ndipo heshima yangu ilipoishia, tangu hapo nilikuwa nateremka tu.

Akaandika ubaoni GIS. Akasema ni Mifumo ya Taarifa za Kijiografia. Nikatikisa kichwa kama nasikia habari za ndugu yangu. Akauliza nani anakumbuka jiografia kidogo. Nikanyoosha mkono juu kabisa, nikasema Kilimanjaro mita 5,895. Wakanipigia makofi. Nikapunga mkono. Kumbe yale makofi ni ya huruma, maana swali lilikuwa latitudo ni nini.

Kompyuta nilikuja na ya mpwa wangu. Nzito kama jiwe la kusagia, betri yake inashika dakika nne. Na kitufe kimoja hakipo, kile cha alama ya kutoa. Kimeng'oka, limebaki shimo. Nilimuuliza dogo, akasema, "Anko, cha kutoa hutakihitaji." Nikaona kweli, kwani mimi katika maisha nimetoa nini? Hicho kitufe mkikumbuke.

Mwalimu akaleta chungwa mezani. Chungwa zuri, la Muheza lile, limemenywa kwa ustadi. Akageuka kuandika. Mimi nikajua ndiyo chai inaanza, kila mtu na tunda lake. Nikalichukua. Nimefika kokwa la tatu, binti anageuka, anauliza dunia iko wapi. Darasa zima likanitazama kidevuni. Ikabidi anielezee kwa maganda. Dunia ni mviringo, anasema, karatasi ni bapa, ukitaka kuubandika mviringo kwenye karatasi lazima ganda lichanike au livutike. Ndiyo maana kwenye ramani nyingi za ukutani Greenland inalingana na Afrika, wakati Afrika ni kubwa kama mara kumi na nne. Basi wataalamu wakaikata dunia vipande 60 kama vya chungwa, kila kipande digrii sita, wanakipiga pasi peke yake ili kisivutike sana. Dar es Salaam iko kipande cha 37, upande wa kusini. Mwanza 36. Kigoma 35. Mimi nikawa nahesabu vilivyo tumboni mwangu. Sijui Kigoma ilikwenda na kipi.

Tukafungua programu. Inaitwa QGIS. Aliianza Mmarekani mmoja, Gary Sherman, mwaka 2002, na ni ya bure. Bure! Nilikuwa nimeshaanza kuogopa mchango. Ukiifungua inakuja nyeupe tupu, kama kitabu changu cha akiba. Unaipandishia leya, yaani matabaka. Barabara tabaka lake, mto tabaka lake, nyumba tabaka lake. Mimi nikalielewa kwa kitanda. Mkeka, godoro, shuka, na juu chandarua. Ukitandika shuka halafu godoro juu, umelala juu ya nini? Ndicho nilichofanya. Nikaiweka picha ya setilaiti juu ya kila kitu, nyumba zikapotea, nikapiga kelele kwamba data imefutika. Binti akaja, akaivuta picha chini kwa kidole kimoja. Hakusema kitu. Angesema ningepata nafuu.

Na hiyo picha ya setilaiti ina yake. Mimi nilidhani ukiikuza utaona mpaka nguo kwenye kamba. Nikakuza, nikakuza, nikafika kwenye miraba kama vigae vya bafuni. Akasema hiyo ni rasta, kila mraba unaitwa pikseli, na picha hizi za Landsat mraba mmoja ni mita 30 kwa 30. Nikapiga hesabu. Kiwanja changu ni mita 20 kwa 15. Kwa hiyo mimi, wapangaji wangu saba, genge la jirani, choo cha jirani na ule ugomvi wetu wa mpaka wa tangu mwaka 2009, wote tuko ndani ya kigae kimoja. Chenye rangi ya udongo. Hakuna mpaka wala nini. Nimelipa wakili kwa ajili ya robo kigae!

Aina ya pili ni vekta. Hapa vitu ni vitatu tu, nukta, mstari na poligoni. Choo cha shimo ni nukta. Njia ni mstari. Kiwanja ni poligoni, yaani umbo lililofungwa pande zote. Nikauliza, mto je? Akasema inategemea unautazama kwa ukaribu gani, kwa mbali ni mstari, kwa karibu una upana wake, ni poligoni. Nikamwambia mwalimu, mimi nautazama kutoka kitandani. Vijana wakacheka. Sikuwa natania.

Sasa tukaambiwa kila mtu aingize nyumba yake. Simu inakupa namba mbili, unaziandika kwenye jedwali, programu inadondosha nukta. Nyumba yangu, latitudo ni kutoa 6.8 na videsimali vyake, longitudo 39.2 na vyake. Kutoa, maana tuko kusini mwa ikweta. Nikaitafuta kutoa. Shimo. Nikasema potelea mbali, kijialama kidogo hivyo, nani atakiona? Nikabonyeza. Nukta za wenzangu zote zikadondoka Dar es Salaam. Yangu haipo. Nikatafuta Kinondoni, haipo. Ilala, haipo. Nikaanza kutafuta hata Kigamboni, labda imevuka na pantoni. Mwalimu akaja, akasogeza ramani juu, juu, akavuka Kenya, akaingia Uhabeshi, kule milimani upande wa Bale. Ikawa inang'aa peke yake. Miaka ishirini na sita nalalamika joto na mbu, kumbe naishi kwenye baridi na mbweha.

Nikaazima kibodi kwa kijana wa pembeni. Safari hii kutoa nikaiweka, nzito, nikabonyeza kwa kidole gumba. Ila kwa haraka nikabadilisha nafasi, ya kwanza nikaipeleka ya pili. Nikabonyeza. Hispania! Magharibi kabisa, karibu na mpaka wa Ureno. Yule kijana akasema, "Mzee umezamia Ulaya bila hata boti." Darasa likacheka mpaka mama wa chapati akachungulia dirishani. Mjumbe naye alikuwa mlangoni. Sasa mtaani naitwa Mhispania. Wewe pia nimekusikia jana, usijifanye.

Ili tusikate tamaa, mwalimu akatupa hadithi. London, mwaka 1854, kipindupindu kinapukutisha watu mtaa wa Soho. Wakubwa wanasema ni hewa chafu. Daktari mmoja, John Snow, anasema ni maji. Baadaye akachukua ramani, kila aliyekufa akamwekea kialama penye nyumba yake. Alama zikasongamana kuizunguka pampu moja ya barabara ya Broad. Mpini wa ile pampu waling'oa kwa ushauri wake. Hakuwa na kompyuta, anasema binti, lakini swali lake lilikuwa la GIS, kitu gani kiko wapi, na kiko jirani na nini. Halafu akagusia kwamba wafanyakazi wa kiwanda cha bia cha jirani hawakuugua sana, kwa sababu wao walikuwa wakinywa bia. Hapo nikaandika. Katika daftari langu la siku tano, hiyo ndiyo sentensi pekee nzima. Mke wangu ameshaikuta.

Akasema na sisi wenyewe tuna historia. Tandale ilichorwa mwaka 2011, wanafunzi na wakazi wanapita vichochoroni na vipokezi vya GPS. Mwaka 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria, wakazichora kata nyingi za jiji zinazofurika, na zile ramani ziko wazi kwa kila mtu kwenye OpenStreetMap. Nikajisikia fahari kidogo, mpaka kijana mmoja akaufungua mtaa wetu humo na kuonyesha kwamba mwembe wangu haumo. Pale palipokuwa na mwembe wameandika duka la dawa. Ni kweli ni duka la dawa. Lakini watu watafikaje?

Siku ya tatu tukaingia mtaani. Simu mkononi, fomu ndani ya simu, kila nyumba maswali sita. Mwenye nyumba nani, wapangaji wangapi, choo cha aina gani, na lile kubwa, mafuriko ya mwisho maji yalifika wapi? Watu wetu hawapimi maji kwa sentimita. Kwa hiyo fomu imewekwa kwa mwili, kifundo cha mguu, goti, kiuno, kifua. Nikaona hii ndiyo sayansi sasa. Nyumba ya kwanza nikamuuliza mama mmoja, akasema kiunoni. Kiuno cha nani? Yeye ni mrefu kama mnazi. Mimi mnaniona. Kiuno chake ni kifua changu, na kifua changu ni goti la mumewe. Tukabishana mlangoni. Akaniambia nisimame pale ukutani ulipo mstari wa matope wa zamani. Nikasimama. Mstari ukapita kwenye nyusi. Kwenye fomu hakuna nyusi.

Na watu wanavyoogopa, we acha tu. Mtu ukimjia na simu unaielekeza kwenye ukuta wake, anajua kesho anaamka na alama ya X nyekundu. Bomoabomoa imetufundisha. Mmoja kanijibu kwamba hana nyumba, kaketi kizingitini mwake, mguu mmoja ndani. Mwingine kaniambia wapangaji hana, hao sita ni wageni, wamekuja kwenye msiba. Msiba lini? Mwaka juzi. Bibi mmoja yeye alifurahi, akanikaribisha, akanieleza maji ya Desemba 2011 kuanzia tone la kwanza, vyombo vilivyokwenda kimoja kimoja, jirani zake waliohamishiwa Mabwepande, ng'ombe aliyepita anaelea kamtazama usoni. Saa nzima na robo. Mwisho nikabonyeza "kifua". Bibi akauliza, maneno yote hayo umeandika neno moja?

GPS ya simu nayo ina tabia zake. Uwanjani inakwambia usahihi mita nne, tano. Ukiingia vichochoroni kwetu, mabati huku na mabati huku, inafika mita ishirini. Mara ya kwanza nyumba yangu iliangukia uani kwa jirani wa genge, yule yule wa wakili. Nikaifuta haraka kabla hajaiona akaitumia kama ushahidi. Mwalimu alisema tusimame tusubiri itulie. Nikasimama. Nikasubiri. Nimesimama dirishani kwa mtu, simu juu, saa sita mchana. Mwenye dirisha alikuwa anaoga. Hayo tuyaache.

Siku ya nne ndiyo ya mafaili. Tulitakiwa kuleta kazi kwenye fleshi, kwa muundo wa shepufaili. Jina linadanganya. Unasikia faili, unadhani ni moja. Kumbe ni familia. Kuna lenye maumbo, kuna lenye jedwali, kuna la faharasa, kuna linalosema hii ni kipande gani cha chungwa. Yote jina moja la mbele, mikia tofauti. Mimi nikaona marudio, nikasema mpwa wangu ameijaza kompyuta takataka. Nikachukua moja, lile la .shp, mengine nikayafuta, nikajipongeza kwa usafi. Nikafika darasani nimeshika fleshi kama mtu aliyeshika hati ya nyumba. Binti akaitia, akanyamaza. Akasema, "Mzee, umeleta kichwa cha samaki." Mwili nimeuacha nyumbani, na nyumbani nimeshautupa.

Bahati simu ilikuwa imetunza fomu. Akanitengenezea upya, akanichapia na jedwali kwenye karatasi kubwa nimwonyeshe mama watoto. Laiti asingechapa.

Sikilizeni hapa. Hiyo shepufaili ni ya zamani, ya miaka ya tisini, na jedwali lake lina ubahili wake. Jina la safu halizidi herufi kumi. Ukizidisha inakata, haiulizi. Safu yetu ya JINA_LA_MWENYE_NYUMBA ikawa JINA_LA_MW. Hiyo haina neno. Lakini IDADI_YA_WAPANGAJI ikakatwa, ikabaki IDADI_YA_W.

Nikaitandaza karatasi mezani kwa majivuno. Mke wangu akavaa miwani. Akasoma. "Jina la Mw, wewe. Idadi ya W, saba." Akanitazama. "W ndiyo nini?" Wapangaji, mama. "Wapangaji ndiyo wanaandikwa W peke yake?" Nikamweleza habari ya herufi kumi. Unajua maelezo mengine, hata kama ni ya kweli, yakitoka mdomoni yanageuka uongo? Akashuka na kidole mpaka kwa yule bwana wa nyumba ya nne, ambaye mtaa mzima unajua ana wake wawili. Idadi ya W, mbili. Wapangaji wake ni wawili kweli, Mungu ni shahidi! Mke wangu akaikunja karatasi taratibu. Akasema, "Hata kompyuta imejua." Usiku ule jiko halikuwashwa. Nikala mihogo ya barabarani, na pilipili yake ile ya chupa. Tumbo ndilo hilo mnaloliona.

Siku ya tano tukaja kwenye tatizo lenyewe. Nyumba zipi zina hatari? Mwalimu akasema tuulize maswali mawili kwa mpigo. Moja, nyumba ambazo maji yalifika kiunoni au zaidi. Pili, nyumba zilizo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, imekataza shughuli za kudumu ndani ya hizo mita. Unachora bafa, yaani unauzungushia mto ukanda wa mita 60 kila upande, kama pindo la kanga. Halafu unaulalisha juu ya nyumba, unaona zilizoshikwa.

Rahisi. Nikauchagua mto. Nikaandika 60. Nikabonyeza. Skrini nzima ikawa ya zambarau. Nikadhani imeungua. Nikarudisha nyuma nione mto wangu uko wapi, zambarau. Nikarudisha, Tanzania yote zambarau. Afrika karibu yote zambarau, mpaka Cape Town. Istanbul ndani. Mumbai ndani. Roma ndani! Nikaona nimemuweka Baba Mtakatifu kwenye hifadhi ya mto, aondoke apishe maji. Paris imepona. Mwalimu akaja amefunika mdomo. Kumbe tabaka langu lilikuwa bado linahesabu kwa digrii. Nilipoandika 60 mimi nawaza mita, yenyewe ikajua digrii 60, na digrii moja ni kama kilomita 111. Piga mwenyewe. Kilomita 6,660 kutoka kwenye kijito ambacho mtoto anakiruka wakati wa kiangazi.

Akasema lihamishie kwenye kipande chetu cha chungwa ndipo lihesabu mita. Andika 32737. Nikaichukua simu, nikaanza kuandika kwenye lipa kwa simu. "Mzee unafanya nini?" Nalipia. "Mzee, hiyo ni namba ya mfumo wa ramani." Ningejuaje? Namba zote zinazotajwa mbele yangu mwishoni ni za kulipa.

Tukalihamisha. Nikaandika 60 tena, kidole kinatetemeka. Safari hii likatokea pindo jembamba, zuri, limeufuata mto kwa kila kona. Nyumba zilizoshikwa zikageuka nyekundu moja moja. Nikawa nazitambua. Ya mama mrefu, nyekundu. Ya bibi wa ng'ombe, nyekundu. Ya genge, nyekundu, na roho yangu, nisiseme uongo, ikacheka kidogo. Halafu nikaona inayofuata.

Pindo limekata nyumba yangu katikati. Mita 52 kutoka ukingoni mpaka ukuta wa nyuma. Chumba cha kulala ndani ya hatari. Jiko ndani. Sebule nje. Banda la kuku, ambalo mke wangu amesema miaka mitatu nilihamishe, liko nje kabisa, kuku wako salama kisheria. Nikauliza, hatuwezi kupima kutoka katikati ya mto badala ya ukingoni? Ningeokoa mita nne. Akasema sheria imesema ukingo. Nikauliza, basi ukingo wenyewe si tumeuchora sisi kwa kipanya? Tuusogeze. Akasema mzee, mto hausogezwi kwa kipanya. Ukiangalia vizuri alisema kwa upole.

Hapo nikakumbuka kitu. Asubuhi ile alikuwa ametuonya kuhusu ramani za zamani za Afrika Mashariki. Zile zilipimwa kwa msingi mwingine, unaitwa Arc 1960, na simu zetu zinatumia WGS 84. Namba zile zile, ukizisoma kwa msingi mwingine, kitu kinaruka kama mita 300. Alisema ni kosa baya sana, wataalamu wamewahi kuliwa na hilo. Darasa zima wakaandika kama onyo. Mimi niliandika kama njia.

Nikasubiri wenzangu wakatoka kwenda chai. Nikamsogelea. "Mwanangu," nikasema, mara hii sikumwita mwalimu. "Hilo kosa la mita 300. Mtu mmoja mmoja haruhusiwi? Nyumba moja tu." Akanitazama koti lote, kuanzia kola. Akacheka kile kicheko cha binti anayemcheka baba yake. Akasema tujaribu tuone, ila haingii kwenye ramani ya mtaa. Akakaa. Akaichukua nukta yangu, akaisomesha kwa Arc 1960. Ikaruka. Ikauvuka mto, ikapita msikiti, ikapita uwanja wa mpira, ikatua.

Tukasogeza vichwa. Makaburini. Mstari wa pili, kama sikosei karibu na mzee wa magunia.

Nikauliza kama pale pako ndani ya mita 60. Akapima. Akasema hapana, pale ni salama, hata maji ya 2011 hayakufika. Kikaibuka kile kijidirisha cha programu, kinataka jibu kabla ya kufunga. Binti akageuza shingo, kwa heshima zake zote, akaniuliza, "Nikuhifadhi, mzee?"

Nikamwambia asinihifadhi bado, chapati hazijafika.